Baba anaanza mionzi wiki tatu zijazo, kaka kamletea sigara ya umeme. Nimwachie au niitupe?

BintiWaChake (mwenye uzi)

Assalaam alaykum wakubwa kwa wadogo.

Naandika saa saba usiku. Baba kalala chumba cha pili, namsikia anavyokoroma kwa ile sauti yake mpya, kama mtu anasaga mchanga. Ni mwalimu mstaafu, miaka 68, mtu wa Chake Chake, sasa yuko kwangu Mwanakwerekwe kwa ajili ya matibabu. Sauti ilianza kumkauka Mfungo Tatu. Sisi tukasema mafua, yeye akasema vumbi la chaki limemlipiza kisasi. Asali, tangawizi, habasoda, kisomo, kila kitu kilipita. Mwisho akatiwa kamera kooni, kikakatwa kipande kidogo cha nyama kupimwa, jibu likaja: saratani ya zoloto, pale pale sauti inapotengenezwa. Wamesema haijaenda mbali. Mpango ni mionzi Dar es Salaam, wiki saba, Jumatatu mpaka Ijumaa, mara 35. Tunavuka wiki tatu zijazo inshallah.

Baba anavuta tangu 1974. Huyu huyu aliyekuwa akiwanusa watoto wa skuli vidole asubuhi mstarini. Mimi mwenyewe nilikuwa natumwa dukani kumnunulia mbili mbili, na kabla sijampa napita jikoni kuiwasha kwa kaa la moto. Siku hizi ilikuwa pakti kwa siku.

Sasa kaka yangu kaja likizo kutoka Uingereza, kamletea sigara ya umeme. Kitu kama kalamu nene, na kichupa cha maji yake, ladha ya embe. "Baba, vuta hii, ile tupa." Mzee kafurahi kama mtoto siku ya Idi. Ndani hamna harufu tena, wajukuu wanamkalia mapajani. Mama anasema afadhali. Ami yangu anasema ni jini lile lile, kavaa kanzu mpya.

Juzi nafagia nyuma ya banda la kuku nikakuta vipisi. Sita. Wala si vya zamani, maana mvua ya siku ile ya nyuma haikuvigusa.

Na linaloniuma zaidi ni hili. Wiki iliyopita daktari alimuuliza, "Mzee, sigara vipi?" Akajibu, "Hiyo nshaacha, daktari." Kalamu iko mfuko wa kanzu. Mimi nimekaa pale pembeni, nikanyamaza. Nilimwonea haya.

Nimwachie hiyo ya umeme, angalau inampunguzia? Niitupe baharini? Na daktari nimwambie, nimvunjie heshima baba yangu mbele ya watu? Naomba wenye kujua, wa kubahatisha wanisamehe.

PwezaMkavu

Itupe. Mzee wa miaka 68 anavuta embe, embe zenyewe tunazo za bure Pemba nzima.

MchumaKarafuu

Wa alaykum salaam, pole sana dada. Mimi nitasema ambalo wengi wanalifikiri na wanaona haya kulisema. Mzee keshavuta miaka hamsini na maradhi keshayapata. Maji yakimwagika hayazoleki. Babu yangu alipougua kule Wete tulimnyima sigara miezi mitatu, akafa vile vile, tena kafa kanuna. Mpaka leo uso wake ule naujutia. Mwacheni mzee na starehe yake, ya umeme au ya moto.

NesiMstaafu

BintiWaChake mwanangu, pole. Nilikaa wodini miaka 31, sasa nafuga kuku, kwa hiyo banda lako la kuku limenigusa.

Nianze na MchumaKarafuu. Babu yako Mungu amrehemu, na hayo majuto nayaelewa, lakini hapo umechanganya wagonjwa wawili. Yule ambaye tiba imeishia kumtuliza maumivu tu, hata mimi nimewahi kumtoa na kigari mpaka chini ya mwembe avute, na sijutii. Huyu maalim ni mwengine. Huyu anavuka bahari kwenda kutafuta kupona, na sigara inaingia moja kwa moja katika hesabu ya kupona kwake.

Nitaeleza maana watu hawaelezwi. Mionzi inavyoua uvimbe, kazi yake kubwa inategemea oksijeni iliyomo ndani ya ule uvimbe. Panapokosekana oksijeni, seli za saratani zinapigwa na zinajitengeneza upya. Oksijeni inafika kwa damu. Sasa moshi wa sigara una hewa inaitwa kaboni monoksaidi, na hewa hii inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Fikiria boti ya asubuhi: viti vyote vimekaliwa na magunia, abiria wenye tiketi wamebaki gatini wanatoa macho. Boti imeondoka, imefika, lakini haikuleta mtu. Ndiyo damu ya mvutaji inapofika kooni.

Watu walilipima hili Canada, likachapishwa 1993. Wagonjwa 115 wa saratani za kichwa na shingo, wote wanapigwa mionzi. Waliokuwa wakivuta huku wanatibiwa, uvimbe ulitoweka kabisa kwa 45 katika kila 100. Wasiovuta wakati wa matibabu, 74. Baada ya miaka miwili, wavutaji walikuwa hai 39 kwa 100, wenzao 66. Na hapo sijagusa vidonda vya kinywa, ambavyo kwa mvutaji vinakuwa vikali zaidi na vinachelewa kupona.

Na kwa anayesema "keshaugua, faida gani?": Urusi walifuatilia wagonjwa 517 wa saratani ya mapafu ambayo haijasambaa, majibu yakatoka 2021. Walioacha baada ya kuambiwa wana saratani waliishi zaidi ya walioendelea kuvuta, kwa wastani miezi kama 21 na nusu. Ni karibu miaka miwili. Mtu anaona mjukuu anaingia skuli.

Jambo la kutia moyo ni kwamba kaboni monoksaidi haikai. Ukiacha leo, kesho saa kama hizi sehemu kubwa imeshatoka. Wiki tatu mlizonazo si chache hata kidogo.

Sasa hiyo kalamu. Ndani yake hakuna kinachoungua. Ni majimaji yenye nikotini na ladha, yanapashwa moto na waya, yanatoka mvuke. Kwa hiyo lami na ile hewa ya magunia havimo, au vimo chembe. Kwa hilo kaka yako hakukosea. Ila vile vipisi sita vimeharibu hesabu yote. Mwenye kuvuta vyote viwili, damu yake bado imebeba magunia.

Mughaibu

Ahsante Nesi, angalau mmoja kaongea kwa haki. Mimi naishi Uingereza, naona watu wa nyumbani mnaogopa mvuke kama mizimu. Huku kulifanyika utafiti, ulitoka 2019, watu 886. Nusu wamepewa sigara ya umeme, nusu plasta na chingamu za nikotini na vitu vya aina hiyo. Baada ya mwaka, walioacha sigara kabisa ni 18 kwa 100 upande wa umeme, upande wa plasta hawakufika 10. Na tafiti zikijumlishwa zote bado umeme uko mbele: kama watu 8 mpaka 11 katika kila mia wanaacha, dhidi ya 6 wa plasta na chingamu. Serikali ya huku mwaka 2023 ikatangaza itawapa wavutaji milioni moja vifaa hivyo ili waache sigara. Kaka mtu kafanya la maana, mumpongeze.

PwezaMkavu

Mughaibu, Marekani zimeua watu 68 kwa mapafu. Na huko huko kwenu Uingereza zile za kutumia na kutupa zimepigwa marufuku Juni 2025. Hilo umelifunika na ungo?

Mughaibu

Zimepigwa marufuku kwa sababu ya takataka na watoto wa skuli. Zenye kujazwa upya zinauzwa kama kawaida. Soma kwanza.

KibaoChaMbuzi

Nafuatilia. Na mimi nina shemeji hali hii hii.

NesiMstaafu

Nyinyi wawili mnavuta kamba, katikati kuna mgonjwa.

Pweza, wale 68 ni kweli. Hesabu ya mwisho iliyotolewa kule, Februari 2020, ni watu 2,807 waliolazwa au kufa. Lakini walipochunguzwa, wengi walikuwa wametumia majimaji yenye kemikali ya bangi, tena ya kununua vichochoroni, yametiwa mafuta fulani ya vitamini E ambayo yakiingia pafuni ni balaa. Sigara ya embe ya kaka mtu si kitu kile. Funzo la pale ni chupa isiyojulikana ilikotoka. Uingereza kuna kikomo cha nikotini, miligramu 20 kwa mililita. Kile kichupa kikimalizika kikanunuliwa chengine mtaani, kisicho na lebo, nani atajua mna nini?

Mughaibu, na wewe umeleta nusu ya samaki. Katika utafiti huo huo wa watu 886, wale walioacha sigara kwa njia ya umeme, 80 kwa 100 walikuwa bado wanavuta umeme mwaka ukiisha. Wa plasta, 9 tu ndio walikuwa bado nazo. Na watu wale walikuwa wavutaji waliokwenda kliniki kutaka kuacha. Hawakuwa watu wenye koo linalopigwa mionzi kila siku mpaka ngozi ya ndani inachubuka. Koo la namna hiyo, hata kwa chai ya moto linalia, sembuse mvuke wenye ladha siku nzima. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa kuacha tumbaku, Julai 2024, lilitaja plasta na chingamu za nikotini, vidonge vya vareniklini, bupropioni na sitisini, pamoja na mtu wa kukaa naye na kumnasihi. Sigara ya umeme haimo. Na kama angekuwa mgonjwa wa kufanyiwa upasuaji ningesema zaidi, maana nikotini inabana mishipa midogo ya damu, na kidonda kinataka damu.

Kwa hiyo mwanangu, rai yangu. Sigara ya moto iondoke leo. Kama kalamu ndiyo inayoiondoa, yote, si nusu, basi kwa siku hizi chache nisingeitupa baharini. Lakini nisingemvusha nayo kwenda Dar kama ndiyo dawa. Na lazima wanaomtibu wajue.

BibiShamba

Nesi mwanangu, naona mnatukana sigara tu. Sisi wenye tambuu zetu tumo au hatumo?

NesiMstaafu

Mmo, bibi yangu. Tambuu yenye tumbaku ilijulikana zamani. Mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani likasema hata isiyo na tumbaku, popoo na chokaa peke yake, inaleta saratani ya kinywa. Ukiona doa jeupe au kidonda shavuni kisichopona wiki tatu, nenda kaonyeshe.

BibiShamba

Haya. Umenitibulia uraibu wangu.

KooLaBati

Assalaam alaykum. Nimesoma uzi wote tangu juzi, sikutaka kuandika. Sasa naandika. Humu ndiyo raha yangu, hamnisikii. Ukikutana na mimi Darajani utadhani nakudharau, kumbe nina tundu shingoni tangu 2016, zoloto limetolewa.

Dada, mimi ndiye baba yako, miaka kumi nyuma. Saratani ile ile, imekamatwa mapema ile ile. Nikapelekwa mionzi. Siku ya kwanza niliyoulizwa kama navuta, pazia lilikuwa wazi kidogo, na nyuma yake kasimama shemeji yangu, anafanya kazi pale pale. Mbele yangu kuna wazee wawili tunaosali msikiti mmoja. Nyinyi mnaujua udogo wa kisiwa hichi. Ningesema nini? Nikasema nimeacha. Kwenye faili ikaandikwa kaacha. Tokea hapo hakuna aliyeniuliza tena, maana faili limeshasema.

Nikavuta wiki zote zile. Si nyingi, tatu, nne kwa siku, chooni, dirishani, karafuu mdomoni baada yake. Huku koo linawaka moto siwezi kumeza uji. Unaniuliza ilikuwaje? Sijui. Miaka arobaini nimefunga Ramadhani, tokea alfajiri mpaka adhana ya magharibi sigusi sigara, wala siumwi. Watu wakaniambia, kama unaweza kufunga, basi unaweza kuacha, umekosa nia tu. Lakini mfungaji anajua magharibi ipo. Unahesabu. Mimi siku nyengine nilikuwa nafungulia sigara kabla ya tende. Kuacha ni kufunga bila adhana, na hilo wasiovuta hawalijui.

Uvimbe ulirudi baada ya miezi kumi na moja. Sisemi ni sigara peke yake, ajuaye ni Mungu. Lakini hiyo 45 na 74 ya Nesi, nimeisoma mara tatu.

Sasa nikwambie kuhusu kalamu. Wenzangu mnabishana ni dawa au ni sumu. Mimi naona hiyo kwanza ni pazia. Enzi zangu harufu ilinitoa mwanzo, mke wangu alijua, mwanangu alijua, hata kama walinyamaza. Baba yako hana harufu. Anaweza kusema "sigara sivuti" na akaona hajasema uongo. Kule nyuma ya banda anakwenda na kanzu inarudi inanukia embe. Hata wewe ungekuwa huna ufagio usingejua.

Usimuulize "unavuta?" Hilo si swali, hilo ni hukumu, na jibu lake ni moja tu. Muulize "ya mwisho lini?" Tena usimuulize mbele ya mtu.

MchumaKarafuu

KooLaBati, Allah akupe afya. Maneno yangu ya mwanzo nayarudisha.

Mughaibu

Na mimi nimenyamaza. Shikamoo mzee.

BintiWaChake

Nimechelewa kurudi, samahanini. Kulikuwa na mambo.

Ya KooLaBati nimeyasoma nikalia, kisha nikakaa siku mbili natafuta mlango. Mimi mtoto wa kike, nimuulize baba yangu habari ya vipisi? Hata ulimi haunyanyuki. Lakini Baba kuongea kunamuuma, kwa hiyo siku hizi ana daftari, lile la mistari la skuli, anatuandikia anachotaka: chai, redio, funga mlango. Nikachukua lile daftari. Nikaandika barua ukurasa mzima. Nikamweleza magunia ya Nesi na boti, nikamweleza za Canada, mwisho nikaandika, "Baba, ya mwisho lini?" Nikaliacha juu ya mswala wake, nikakimbilia jikoni kama mwizi.

Asubuhi daftari liko mezani. Kalisahihisha. Kwa kalamu nyekundu, wallahi, miaka minane kastaafu na kalamu nyekundu bado anayo. Nimeandika "oksjeni", kaniongezea i. Chini kaandika kwa mwandiko wake ule wa ubaoni:

"Leo, baada ya alfajiri. Jana nne. Juzi tano. Hiyo ya kaka yako mchana kutwa, kwa sababu ya watoto na kwa sababu yenu. Sikutaka mjue kuwa baba yenu hana nguvu."

Nikakaa chini pale pale.

Tulipokwenda kwa daktari, sikusema neno na yeye hakusema neno. Daftari alilitoa mwenyewe, akafungua ukurasa, akampa. Kimya kimya. Kulikuwa na watu wengine chumbani, hakuna aliyesikia chochote. Daktari akasoma, akachukua kalamu, akajibu mle mle ndani ya daftari. Waliandikiana kama wanafunzi wawili nyuma ya darasa, mimi nimekaa naangalia feni.

Kwa ufupi: kamwanzishia plasta za nikotini, za miligramu 21 kwa kuwa kabla ya kalamu alikuwa anazidi sigara kumi kwa siku, baadaye zitashuka 14, kisha 7. Chingamu kasema hapana, kinywa kitakuja kuwa na vidonda. Kuhusu kalamu ya kaka, aliandika kuwa si chaguo lake, lakini akiulizwa kati ya hiyo na sigara, sigara iondoke leo hii, na hiyo nyengine iondoke kabla koo halijaanza kuwaka. Karibu maneno ya Nesi, Nesi kumbe wewe ni daktari.

Plasta tulizipata duka la tatu, tena Dar, na mfuko ulilia.

KibaoChaMbuzi

Dada samahani, Dar mmefikia wapi? Shemeji yangu keshaandikiwa Ocean Road, ile hospitali ya saratani, na hatuna ndugu kule.

BintiWaChake

Kwa binamu, Temeke. Mbali, lakini hatulipi. Niandikie pembeni nitakueleza usafiri. Jambo moja: usimwache mgonjwa aende peke yake kwa kuwa "ni dakika chache tu". Kupigwa mionzi kwenyewe ni dakika chache kweli, lakini anafungwa maski ya plastiki usoni mpaka mabegani na inabanwa mezani asitikisike. Baba siku ya kwanza alitoka kachorwa mistari ya wavu uso mzima, mikono inatetemeka. Pale ndipo sigara inapoita.

NesiMstaafu

Mwanangu nimefurahi. Plasta mbandike mkono wa juu au kifuani upande, ngozi kavu isiyo na nywele, kila siku mahali pengine. Shingoni msiguse kabisa, pale pana mionzi. Kwa joto la Dar zitabanduka kwa jasho; akioga asubuhi ajikaushe vizuri, ibandikwe, uikandamize na kiganja nusu dakika. Akikosa usingizi au akiota ndoto za ajabu, aitoe anapolala.

BintiWaChake

Ndoto! Kumbe ni hiyo. Kaamka juzi kaandika kwenye daftari kwamba kasahihisha mitihani usiku kucha na wote wamefeli.

PwezaMkavu

Naomba kuuliza kwa adabu safari hii. Hajarudia hata moja?

BintiWaChake

Karudia. Sitaficha maana uzi huu wote ni wa kutoficha. Wiki ya pili, siku ya tisa. Mashine ilikuwa na foleni, tukakaa toka saa mbili mpaka saa nane mchana. Akaniaga anakwenda msalani, akanunua moja kwa muuza karanga nje. Alivuta nusu. Karudi, kabla sijanusa chochote, keshaandika: "Nusu. Saa saba na robo." Akaenda mwenyewe kumwonyesha yule dada wa mashine. Yule dada akasoma, akachora tiki, akamwambia, "Maalim, twende, zamu yako."

Leo ni siku ya ishirini na mbili. Daftari halina sigara nyengine baada ya ile.

Mughaibu

Na kalamu ya umeme?

BintiWaChake

Haikuvuka na sisi. Kaka kaondoka nayo, na kichupa vile vile, maana mwanangu wa miaka mitatu alikuwa keshakinusa akasema anataka juisi. Hilo lilinitisha kuliko yote.

KooLaBati

Maji ya nikotini mtoto hata kijiko yanaweza kumuua. Alhamdulillah yameondoka. Mpe maalim salamu. Mwambie mikono itamsumbua kuliko koo. Mimi nilikuwa sijui niiweke wapi.

BintiWaChake

Umesema kweli, mzee wangu. Jana kaomba karafuu. Nikakumbuka karafuu yako ya mdomoni nikashituka, nikamwambia itamchoma, koo limeshaanza kuwa jekundu, hata maji anakunywa kwa kijiko. Akaniandikia: "Si ya kula." Nimempa moja, kavu, ya kwetu Pemba. Anaishika baina ya vidole viwili, vile vile, huku anangoja kuitwa. Ikivunjika kichwa anaomba nyengine.